Chupa Iliyoandikwa Isitupwe

Mwanamke aliyenipigia simu alianza kwa kuniomba radhi, kisha akasema anataka kutupa kitu changu. Alikuwa fundi mpya wa maabara katika shule ya wasichana kule Suna, shule ambayo baba yangu aliifanyia kazi hiyohiyo mpaka akastaafu. Walikuwa wamejengewa maabara mpya, na vitu vya zamani vilikuwa vinachimbiwa shimo nyuma ya vyoo.

"Sasa madam, kuna chupa moja hapa," alisema. "Imeandikwa 'Isitupwe.' Wanasema ni mwandiko wa mzee wako. Mimi nilitaka kutupa tu, lakini nikaogopa."

"Ndani kuna nini?"

"Ni starfish. Lakini imeharibika. Iko na mikono nne pekee."

Nilikuwa dukani kwangu Homa Bay, ambako nauza mapazia, na mteja alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri nimkatie mita sita. Nilimkatia saba. Kesho yake nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa, nikaazima gari la jirani nikaenda Suna.

Chupa yenyewe niliifunga mkanda kwenye kiti cha abiria. Mpira wa kifuniko chake umelegea kwa uzee, na kabla sijatoka langoni pa shule ile harufu ilikuwa imeshaingia hadi kwenye vitambaa vya viti. Wengi wa rika langu wameinusa fomalini mara mbili tatu tu maishani: walipokuwa kidato cha pili, na siku walipokwenda kumchukua mtu wao mochari. Inauma macho kwanza, halafu ndipo pua inajua. Mimi niliinusa kila siku ya utoto wangu kwa sababu baba alirudi nayo nyumbani kwenye nywele. Nilipoinusa tena ndani ya gari lile nilisimama kando ya barabara nikalia, mtu mzima na leseni yangu, mpaka mwenye pikipiki akanigongea kioo kuniuliza kama nimeishiwa mafuta.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa shule, vyumba viwili vilivyopakana na maabara. Watoto wa walimu walikuwa wakubwa au walikuwa wameachwa vijijini, kwa hiyo katika ua ule wote hapakuwa na mtoto wa umri wangu. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa akiuza omena sokoni, mwanamke wa kicheko kikubwa, halafu akaugua, kicheko kikawa kikohozi, na sokoni akaacha kwenda. Nikitoka shule niliambiwa nisipige kelele. Nilijifunza kuruka kamba bila kamba kugusa chini, na kuimba kwa midomo tu. Nilipochoka na mchezo huo nilikwenda kwa baba maabara, nikapanda kwenye stuli ndefu.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache na lebo nyingi. Kila kitu alikiandikia jina kwa herufi kubwa zilizonyooka. Hata nyumbani, ambako tulikuwa watatu tu na kila mtu alijua vitu vilipo, makopo yetu yaliandikwa SUKARI, CHUMVI, MAJANI. Mama alikuwa akimcheka. "Huyu mtu wako," aliniambia, "siku moja ataniandika na mimi jina kwa paji la uso, asinisahau mahali aliniweka."

Juu kabisa ya rafu za maabara kulikuwa na chupa za wanyama wa baharini. Palikuwa na pweza mdogo aliyejikunja, jongoo wa bahari, kaa mwenye gando moja, na yavuyavu aliyekuwa ameshalegea hivi kwamba hakuna msichana aliyeweza kusema alikuwa nini. Sisi ni watu wa ziwa. Samaki tunawajua kwa majina, kwa bei na kwa mifupa, lakini viumbe hawa wasio na uso hatukuwa na la kuwaambia. Niliyempenda ni kiti cha pweza, yule starfish, ambaye nilimwita Nyota. Alikuwa na mikono mitano iliyolingana, rangi ya chapati iliyokaa sana kwenye moto. Nilimhadithia mambo yote ya shuleni, nani alinipiga na nani alinikataa mchezoni. Alikuwa msikilizaji mzuri, nadhani kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda.

"Hawa wamekufa?" nilimwuliza baba siku moja.

Alikuwa anafuta vumbi kwenye chupa. Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa anakohoa, na baba alingoja kikohozi kiishe ndipo akanijibu. "Hawaharibiki," alisema. "Nimewatia dawa. Wanangoja tu wasichana wawachore."

Katika miezi ile neno kufa halikutamkwa nyumbani kwetu. Leo naelewa kwa nini alilikwepa. Lakini mtoto hupewa jibu akalibeba lilivyo, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba anachosema ni kweli. Siku moja kabla ya somo, baba alikuwa akimtoa Nyota kwa kibano, akamlaza kwenye beseni jeupe la maji safi, akayabadilisha maji mara tatu. Asubuhi mikono ya Nyota ilikuwa imelainika, imenyooka, na matone yaling'aa mgongoni mwake. Wasichana walimzunguka wakipiga mayowe. Aliwekwa kwenye trei karibu na dirisha, akapata jua, akachorwa, kisha jioni akarudi katika chupa yake. Kwangu hiyo ilikuwa ni kutoka na kurudi. Mtu aliyetiwa dawa alikuwa mtu aliyengoja zamu yake.

Jambo lingine alilonieleza, na ambalo lina kazi baadaye, ni kwamba Nyota hawezi kuishi katika ziwa letu.

"Maji ya kwetu ni tamu," alisema. "Yeye ni wa maji ya chumvi. Ukimweka Homa Bay pale, hamalizi siku."

Mama alipelekwa hospitali wakati wa likizo. Siku ya tatu baba alirudi peke yake, akaketi kwenye kitanda chao na viatu miguuni. Shule ilikuwa imefungwa. Maabara ilikuwa na kufuli. Lakini baba alinuka fomalini.

"Umetoka maabara?" nilimwuliza.

"Hapana. Nimetoka kwa mama."

"Mama ametiwa dawa?"

"Ndiyo."

"Hataharibika?"

"Hataharibika, nyathina, mwanangu," alisema, akaanza kulia.

Sikumwelewa analia nini. Kufa nilikujua. Nilikuwa nimekulia karibu na soko la samaki na nilijua kilichokufa kinakuwaje siku ya pili. Mama hakuwa hivyo. Wanawake wa jirani walikuja wakalia kwa sauti, wakanishika kichwa, wakaniambia mama ametuacha, mama amepumzika, maneno ya watu wazima ambayo hayana mlango wala dirisha. Mimi nilikuwa na habari kamili kuliko wao. Baba alimwambia jirani mmoja kwamba kule mochari walikuwa wamemfunga mama karatasi yenye jina lililokosewa, akaomba kalamu akaandika nyingine mwenyewe. Nilisikia hilo nikatulia kabisa. Mama alikuwa na lebo, tena ya mwandiko wa baba.

Tukafunga virago kwenda nyumbani kwa baba, bonde la Lambwe. Asubuhi ya kuondoka baba alifungua maabara achukue koti lake jeupe lililochakaa, lile la kazi chafu. Niliingia nyuma yake. Alipoinama kwenye kabati nilipanda stuli, nikafungua chupa nikatia mkono. Nilikuwa na mkato kidoleni, na dawa ile iliuma kama upupu, lakini sikutoa sauti. Kukaa bila sauti ilikuwa kazi niliyoiweza. Nilimtia Nyota katika mfuko wa nailoni pamoja na maji yake kidogo, nikamfunga, nikamficha kwenye begi la shule. Sikuwa na mpango wowote. Niliona tu kwamba hakuna mtu atakayefungua mlango ule likizo nzima, na sikutaka akae peke yake.

Kwetu mke hazikwi kama mgeni. Lazima awe na nyumba yake katika boma la mumewe, na kaburi lake liwe kando ya nyumba hiyo. Baba alikuwa ameishi nyumba za shule tangu alipooa, na kule Lambwe hakuwa amesimamisha hata banda la kuku. Kwa hiyo mama alingoja mochari wiki mbili huku wanaume wakijenga. Haya nayajua sasa. Wakati ule niliyemsikiliza ni Dani, mama yake baba, aliyenikalisha kwenye mkeka wake siku tuliyofika.

"Mama yako hawezi kuja hapa hivi hivi," aliniambia. "Ataingia wapi? Tunamjengea nyumba kwanza. Nyumba ikiisha, anakuja."

Niambieni nyinyi, mtoto angeelewa nini tena.

Nilifanya kazi katika nyumba ile kuliko baadhi ya baba zangu wadogo. Nilibeba maji ya kukandia udongo kwa kopo la lita moja, nikarudi, nikabeba mengine. Binamu zangu hawakunikaribia. Walisema begi langu linanuka maiti, na mkubwa wao akatunga wimbo kuhusu hilo. Niliwaacha. Nilikuwa na shughuli. Nilipima kwa hatua mahali pa kitanda cha mama, na nikamwambia fundi kwamba dirisha aliweke upande wa jua la asubuhi, kwa sababu mama akikohoa hupenda kukaa juani.

Fundi aliacha nyundo yake hewani. Aliwatazama wenzake, na wenzake wakaitazama miguu yao.

"Sawa, madam," alisema. "Tutaweka hapo."

Baba alikuwa juu ya fito na koti lake la maabara, matope hadi mabegani. Watu wa kijijini walimwita Daktari kwa ajili ya koti hilo na hakuwahi kuwasahihisha. Alisikia nilivyosema kuhusu dirisha. Siku hizo hakusema kitu na mtu yeyote, na jioni alikaa upande wake wa boma nami upande wangu, na katikati yetu palikuwa na watu wengi mno wanaokula.

Ilipofika Alhamisi nilisikia kila mahali kwamba mama anakuja kesho. Paa lilikuwa limebaki. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Nilijua mama atakuja bado ana dawa. Ataletwa mbele ya umati ule, ndugu, wageni, watu wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jinsi ya kumtoa mtu katika fomalini. Baba alijua kumwosha Nyota, lakini hata Nyota, nikifikiri vizuri, hakuwahi kuamka kabisa pale kwenye trei. Alinyooka tu. Kuna hatua iliyokuwa imekosekana. Niliwaza asubuhi nzima, kisha nikakumbuka kwamba maji yake ni ya chumvi.

Nilimtoa Nyota chini ya kitanda cha Dani, nikachukua beseni la bluu, lile mama alilokuwa akiniogeshea, kwa sababu tulikuja nalo. Nilienda nyuma ya ghala la mahindi. Nilimwosha mara tatu, nikihesabu, kama baba. Halafu nikachota maji mapya na kuingia jikoni, ambako wanawake walikuwa wakipikia wajenzi kwenye sufuria zisizoweza kubebwa na mtu mmoja, nikaiba pakiti ya chumvi iliyofunguliwa. Nilimimina nusu, nikakoroga kwa mkono mpaka ikayeyuka, na pakiti nikairudisha ilipokuwa. Nikamlaza Nyota chini ya maji. Nilijiambia: akijongeza mkono mmoja tu, kesho nitajua la kufanya. Nitamwambia baba amweke mama majini, na nitamwambia yapi.

Sijawahi kungoja kitu namna ile. Jua lilikuwa limefika utosini na mabati yalikuwa yanapigwa misumari. Niliukazia macho mkono mmoja mpaka nikauona unatikisika, nikafumba macho, nikafumbua, ukawa ni upepo juu ya maji. Nilimwimbia. Nilimwambia wasichana wamefika. Dani aliponiita nikale nilikataa, akaniita mara ya pili kwa sauti ile yake nyingine, nikakimbia, nikameza matonge matatu nikarudi mbio.

Mbwa wa Dani alikuwa amelipindua beseni. Nyota alikuwa kwenye vumbi, na mbwa alikuwa anatafuna kitu huku akikunja midomo kwa uchungu wa ladha yake. Mkono mmoja haukuwepo.

Nililia kwa sauti yote niliyokuwa nimeihifadhi tangu mama augue. Katika boma lenye msiba kilio cha mtoto si habari, na hakuna aliyegeuka. Ila baba alishuka kutoka paani. Nilimwona akija na koti lake la matope na misumari miwili mdomoni, na nilijua nimekwisha: mnyama wa shule, mali ya serikali, nimeiba, nimeharibu.

Alitoa misumari mdomoni. Alimtazama Nyota, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Umemtia kwa maji?"

"Ya chumvi," nilisema. "Nilimwosha mara tatu kwanza. Nilitaka kujua vile ataamka. Mama anakuja kesho."

Baba alisimama pale. Niliona uso wake ukielewa, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kisha alifanya jambo ambalo sijalimaliza kulifikiria mpaka leo. Hakunikemea na hakunikumbatia. Alimwokota Nyota, akampangusa vumbi kwa pindo la koti. Aliokota beseni, akaenda kuchota maji. Kabla ya kuyamimina alichovya kidole kwenye tone lililobaki kwenye kingo za beseni akakilamba, yeye ambaye katika maabara alikuwa akiwafukuza wasichana waliolamba hata penseli.

"Chumvi ulitia ngapi?"

"Nusu pakiti."

"Haitoshi," alisema. "Bahari iko na chumvi zaidi."

Alikwenda jikoni akarudi na pakiti, akaimimina yote. Alikoroga kwa kidole. Alimlaza Nyota kwa utaratibu, mikono minne na pengo lake, kisha akaketi chini kando yangu, kwenye vumbi, na tukangoja.

"Daktari!" fundi aliita kutoka paani. "Yawa, Daktari, hii mabati ya mwisho tunaweka wapi?"

Fundi aliita tena. Kivuli cha ghala kilianza kutufikia miguuni, kikapanda magotini. Sikumbuki kama tulizungumza. Nakumbuka bega lake lilikuwa karibu na langu lakini halikunigusa, na kwamba alikuwa hapepesi macho.

"Akinyi," alisema mwishowe. "Hataamka."

"Kwa sababu ya mkono?"

"Hapana. Hata angekuwa mzima. Hiyo dawa inazuia kuoza tu. Hairudishi mtu."

Nyundo zilinyamaza zote kwa pamoja. Nadhani paa lilikuwa limekamilika.

"Na mama?"

"Na mama."

Niliitazama nyumba. Ilikuwa nzuri, udongo wake bado umelowa, mabati yanawaka jua, na dirisha liko pale nilipotaka. "Sasa hii nyumba ni ya nani?" nilimwuliza.

Baba aliitazama pia. "Sijui," alisema.

Ijumaa mama alikuja. Jeneza lilikuwa na kioo kidogo juu ya uso, na watu walipita mmoja mmoja. Dani aliniinua ili nione. Harufu ilipanda kupitia mbao na wanawake wakajifunika pua kwa leso, lakini mimi sikujifunika, ilikuwa ni harufu ya nyumbani. Nilimwona mama nyuma ya kioo. Hakuwa ameharibika. Baba hakunidanganya hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma kuliko lote.

Nyota tulirudi naye Suna, ndani ya mfuko uleule. Baba alimrudisha katika chupa yake bila kumwambia mtu. Shule ilipofunguliwa, wasichana walichora mikono minne, na mwalimu wa baiolojia akaja juu: huyu anawachanganya watoto, atupwe aletwe mwingine. Nilikuwa mlangoni. Baba aliendelea kuosha glasi zake.

"Kanuni ni wachore kile wanaona," alimjibu. "Wakiona nne, wachore nne."

Siku hiyohiyo aliandika ile lebo.

Kuhusu siku ile nyuma ya ghala hatukuzungumza tena. Tuliishi miaka tukiwa wawili katika vyumba viwili, tukila ugali aliojifunza kuupika vibaya na hakuwahi kujifunza kuupika vizuri, tukiulizana kuhusu shule na kuhusu maji ya bomba. Mambo ya mama yalibaki katika makopo: SUKARI, CHUMVI, MAJANI. Niliamini kwamba baba alikaa kando ya beseni lile kwa ajili yangu, ili mtoto mjinga ajionee mwenyewe, kama anavyofanya mtu wa maabara. Niliona aibu. Katika dunia nzima, nilidhani, mjinga wa namna ile nilikuwa mimi peke yangu.

Na ujinga haukuisha. Siku moja kupitia dirishani nilimsikia mwalimu akiwaeleza wasichana kwamba kiti cha pweza akikatika mkono huota mwingine. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiingia maabara saa kumi, baba anapotoka kwenda kuosha vifaa bombani. Nilipanda stuli, nikahesabu. Nilijua. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi, na aliyeniambia ndiye aliyejua kuliko wote. Lakini nilihesabu kila siku, darasa la tatu, la nne, la tano, mpaka siku nilipochukuliwa kwenda shule ya bweni na sanduku langu la bati. Hata asubuhi ya kuondoka nilikwenda. Ilikuwa minne.

Baba sasa anaishi Lambwe, katika nyumba ile. Alipostaafu watu walimshauri ajenge ya kisasa, akasema hii inatosha. Kuta zimekandikwa upya mara nyingi. Nilipofika na chupa kutoka Suna nilimkuta ameketi penye lile dirisha la jua la asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, na kaburi la mama liko hatua chache nje yake, limefagiliwa.

"Ulipitia Suna?" aliniuliza kabla sijaketi. Pua yake bado inafanya kazi.

"Nilipitia. Walitaka kumtupa."

Niliweka chupa juu ya kizingiti cha dirisha. Aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, pande zote, mpaka kwenye kitako. Kisha akaiinua kwenye mwanga, na kidole chake kikapita juu ya kioo, mkono mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Kikasimama kwenye pengo.

"Bado ni nne," alisema.

Hakulisema kama mtu anayehesabu mara ya kwanza.

"Baba. Kwani ulikuwa unahesabu?"

"Kila asubuhi," alisema, bila kuniangalia. "Kabla wasichana waingie."

"Mimi nilikuwa nahesabu jioni. Ukienda bombani."

Aliishusha chupa taratibu akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili. Nje mbwa fulani alikuwa anabweka, na mtoto wa jirani alikuwa akimfukuza kwenye mahindi. Baba alichukua muda, kama alivyofanya siku zote, mpaka kelele zikaisha.

"Mimi nilifikiri ni mimi tu," alisema.

Nyumba ile ina kiti kimoja. Niligeuza ndoo, nikakaa karibu naye.